Mti gani kwa mshale wa nguruwe?

Zamu ya kuandika wiki hii ni yetu sisi wa Maratatu. Tulikuwa tumeahidi kuwaeleza habari za darasa la ushonaji, lakini hiyo tumeisogeza mbele, maana tangu mahindi yaanze kubeba, kila tukikutana tunaongea kitu kimoja tu: nguruwe wa pori. Wanakuja usiku, wengi pamoja, mama na watoto. Asubuhi unakuta mstari mzima umelala chini, wamekula gunzi nusu na kukanyaga mengine yote. Muhogo wanauchimba kama watu wenye jembe. Na ninyi mnajua hesabu ya hapa: mwaka 2020 Shirika la Chakula Duniani lilikata mgao wetu kwa asilimia 30, na baada ya hapo ukazidi kupungua. Kwa hiyo shamba dogo la mtu si mchezo tena. Ndiyo chakula chenyewe.

Siku moja kijana wetu mmoja akasimama na hasira, akauliza: kwani wazee wetu kule Ituri hawakuwa na mishale? Mshale wa nguruwe unachongwa na mti gani, tuuchonge?

Swali linaonekana dogo. Limetuchukua Jumapili nne.

Tulimwendea papa mmoja ambaye amekulia upande wa Mambasa, kwenye kijiji cha Walese, na tangu utoto alikuwa akiingia msituni pamoja na Waefe. Jina lake hatuandiki, yeye mwenyewe hataki jina wala picha. Tulifika na fimbo zetu tisa tumezikata kandokando ya njia, tukazimwaga mbele yake kama wachuuzi wa kuni. Hakuzishika hata moja. Akauliza kwanza: "Nguruwe gani?"

Tukabaki kutazamana. Akatucheka, halafu akaanza kutuhesabia. Kuna yule mwekundu wa msitu wa Ituri, mwenye masikio ya ncha ndefu zenye nywele, ambaye wengine wanamwita nsombo. Huyo anaweza kufika kilo 100 na kitu. Kuna yule mweusi mkubwa wa msituni, uso mpana kama sahani. Huyo dume lake linaweza kupita kilo 200, na watu wa vitabu hawakumwandika mpaka mwaka 1904. Na kuna huyu anayetusumbua hapa Uganda, nguruwe-pori wa vichakani, ndugu yake yule mwekundu. Ngiri ni mwingine tena, wa mbugani, anatembea mchana. Kila mmoja ana unene wake, na mshale unachaguliwa baada ya mnyama kujulikana.

Halafu akasema kitu ambacho kilitukata maneno. Waefe, ambao wanajulikana Ituri nzima kwa upinde, nguruwe hawamwindi hasa kwa mshale. Mshale wenye chuma ni wa mboloko na swala wengine wadogo wa msituni. Mshale mwembamba wa mti mtupu, wenye sumu, ni wa nyani na kima juu ya miti. Nguruwe ni mkuki, na mbwa, na watu wengi. Tunaandika alivyosema, kwa Kiswahili chake:

"Mboloko inakufa na mshale. Nguruwe, ukimpiga na mshale ya mboloko, unamkasirisha tu. Kama unataka kumuua na mshale, basi ule mshale ufanane na mkuki."

Hapo ndipo somo lilipoanzia, na mengine yote yanatoka kwenye hilo neno. Mshale unaofanana na mkuki: mzito, mgumu, wenye chuma kipana, na unaopigwa kwa karibu.

Kwanza uzito. Mmoja wetu ana mjomba aliyekuwa akinunua dhahabu Mongbwalu, na katika vitu vichache alivyovuka navyo ziwa, mzani wake mdogo wa dhahabu ulikuwa mfukoni. (Nyumba imebaki, mzani umevuka. Ndivyo watu wanavyokimbia.) Tukapima. Mshale wa tete, lile tete la kando ya maji, ulikuwa gramu 14 bila chuma. Wa mwanzi mwembamba, 22. Wa tawi la kalitusi lililochipua kwenye kisiki, 38. Chuma tulichoweka kilikuwa gramu 12. Kwa hiyo wa tete unafika 26, wa mwanzi 34, na wa kalitusi 50.

Sasa kuna vijana wetu ambao simu zao zimejaa video za Wamarekani. Kule nguruwe wa pori ni wengi sana, na si wa kwao kwa asili: Wahispania waliwapeleka katika karne ya 16, wakatoroka, wakazaana. Wanaowawinda kwa upinde wa kizamani, ule usio na magurudumu, wana kipimo chao: upinde wa kuvuta kilo 23 hivi unataka mshale usiopungua gramu 32, na kwa nguruwe wengi wanapenda uzidi hapo. Tukamsomea papa. Akasema hao watu wana akili, ila wamechelewa kutuambia.

Sababu ya uzito ni rahisi ukiielezwa polepole. Mshale mwepesi unakimbia, ni kweli, na kwa mbali unakwenda vizuri. Lakini ukigusa mwili unasimama mara moja. Mzito unakwenda polepole na ukishaingia haukubali kusimama. Rusha ubua wa muhindi na fimbo ya chuma kwenye gunia la mchanga, utaona. Na nguruwe ndilo gunia lenyewe: ngozi nene, nywele ngumu, tope lililokaukia juu, halafu mafuta, halafu mfupa wa bega. Yule dume wa Marekani ana hata gamba gumu chini ya ngozi ya mabega, kama ngao. Tena mafuta yakishatobolewa yanaziba tundu, na nywele zinanyonya damu, hivyo huoni hata tone chini la kufuata. Ndiyo maana mshale unatakiwa utokee upande wa pili, ili kuwe na matundu mawili. Moyo wake nao uko chini na mbele kuliko watu wanavyofikiri, karibu na kiwiko cha mguu wa mbele. Anayempiga katikati ya tumbo amempoteza, na mnyama atakwenda kufa siku ya pili kwenye miiba kwa maumivu. Papa hilo alilisema kwa ukali kuliko mengine yote.

Tukaingia kwenye miti yenyewe. Hapa tutakaa kidogo, maana ndiyo sehemu tuliyoipenda.

Tete linavutia kwa sababu Mungu amekwisha kulinyoosha. Halihitaji kazi. Lakini ni jepesi, lina uwazi ndani, na likigonga mfupa linapasuka kwa urefu. Kuna dawa yake: mbele unaingiza kijiti cha mti mgumu, urefu wa shubiri moja, unakifunga na kano au uzi uliotiwa utomvu, na chuma kinakaa kwenye hicho kijiti. Hapo uzito unahamia mbele, mshale unakwenda kichwa kwanza, na tete halipasuki kwa haraka. Bingobingo tulilijaribu pia, tusipoteze maneno: ni la kuwashia moto.

Mti wa mchikichi-mwitu, ule wa rafia, uti wake wa jani unatoa vijiti vyepesi vilivyonyooka vizuri. Vinafaa kwa mishale ya sumu ya nyani, ambayo haihitaji nguvu. Sumu ndiyo inafanya kazi. Namna ya kuipika hatutaiandika hapa, msitutumie ujumbe wa kuiuliza. Kwa nguruwe, papa aliutupa pembeni.

Mwanzi ni wa katikati. Mwembamba, mkavu, wenye vifundo vilivyokwanguliwa, una nguvu kweli, na hata ukilowa haupindi sana. Kama mtu hana mti mgumu mzuri, achague huo na aweke kijiti cha mbele.

Lakini mti wa kwanza kwake ni chipukizi la mti mgumu, lililokua kwenye kivuli likitafuta jua. Lililokua juani linafanya matawi mengi na vifundo. La kivulini linapanda moja kwa moja, unene wa kidole kidogo, bila matawi. Unalikata wakati wa jua kali, si wakati wa mvua, maana wakati wa mvua limejaa maji. Unaliacha na ganda lake, unafunga ishirini pamoja kwa kamba, unatundika juu ya jiko mahali moshi unapopita lakini moto haufiki. Wiki kadhaa. Ukilimenya siku ile ile na kulianika juani, linapasuka. Likikauka ndipo unamenya, unalipitisha juu ya makaa mpaka liwe moto, unalinyoosha kwa mikono, au kwa meno kama wanavyofanya Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, Tanzania, unalishikilia mpaka lipoe. Halafu unafumba jicho moja na kulitazama kwa urefu kama mtu anayetazama bunduki. Likipinda tena kesho, unarudia. Kati ya ishirini, akasema, shukuru ukipata sita.

Sisi tulipata wanne. Tunasema "wanne" kama watu, kwa maana tulikaa nao siku nyingi.

Kalitusi yetu ni nzito na hapa haina shida kupatikana, ila inapinda vibaya ikikauka. Unaweza kuinyoosha jioni na asubuhi ikakusalimia na mgongo. Papa hakuikataa. Alisema tu kwamba mti wa kupandwa kwa haraka unataka subira ya mtu mzima.

Kitu kingine hatukukijua kabisa. Mshale ukiachiwa hauendi moja kwa moja. Kwanza unajipindapinda kama samaki kando ya mti wa upinde, halafu unajinyoosha ukiwa hewani. Mshale laini kwa upinde mgumu unapindishwa kupita kiasi na kwenda pembeni. Mgumu mno kwa upinde laini unagonga mti wa upinde na kwenda pembeni nyingine. Kwa hiyo hakuna mti mzuri peke yake, kuna mti mzuri kwa upinde fulani. Ukichonga kumi, lazima zikunjike sawa. Unaziweka kati ya mawe mawili, unatundika kitu kile kile katikati, unatazama ipi inashuka zaidi. Sisi tulitundika kopo la chumvi.

Nyuma ya mshale, kwenye msitu wa Ituri, wanaweka jani lililokatwa na kupenyezwa kwenye mpasuko. Lina faida yake: msituni unapiga kwa hatua kumi au kumi na tano, na manyoya yakilowa yanalala. Mahali pa wazi ni manyoya ya kanga, matatu, yamefungwa kwa uzi na kugandishwa. Ya kuku ni laini, lakini kanga wa kuchinja hapa nani anaye?

Tulimwonyesha papa video ya mishale ya kaboni. Aliishika simu mbali na macho, akatazama mpaka mwisho. Akauliza ikivunjika wanaitengenezaje. Tukamwambia haitengenezwi; tena ikiwa na ufa usioonekana na mtu akaipiga, inaweza kupasuka ikamchoma mkono kwa vipande kama sindano, ndiyo maana kabla ya kupiga wanaipinda kidogo na kusikiliza kama inalia. Hilo la kusikiliza alilipenda. Akachukua mmoja wa wale wanne wetu, akaupinda karibu na sikio.

Chuma tulikitoa kwenye msumari mrefu na kipande cha panga lililokwisha. Fundi alikipondaponda kikawa na pande mbili kali, upana wa vidole viwili, kilainike nyuma bila miba. Papa alisisitiza: bila miba. Chuma laini kinapita na kutokea upande wa pili. Chenye miba kinanasa, nguruwe anakimbilia kichakani na kuvunja mti, nusu inabaki ndani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lilitufanya tuandike hivi na si kwa namna nyingine.

Ilikuwa Jumapili ya pili. Fundi alipoleta chuma na papa akakiingiza kwenye mti, dada yetu mmoja aliyekaa karibu alinyamaza. Ninyi mnajua wengi wetu tulivuka Ziwa Albert mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, kwa mitumbwi iliyojaa, mpaka Sebagoro. Mnajua vijiji vya Djugu vilishambuliwa kwa nini: moto, panga, mishale. Hatutaandika kabila la nani. Katika kundi letu tuko wa pande zote, na hiyo ni kazi ya kila siku, si ya kujisifia. Yule dada hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa, na ile yenye miba ni ya mnyama gani?"

Papa alikiweka chini chuma. Alikaa muda. Akasema: "Mwanangu, iko ingine ya sumu, miba inaishika isianguke. Na iko ya watu."

Dada akasema asante, akachukua kitenge chake, akaenda. Ametupa ruhusa ya kuandika haya, na si zaidi.

Baada ya hapo tulibishana wiki nzima. Wengine walisema kazi ya mishale ifungwe kabisa, hakuna mtoto wa Ituri anayehitaji kuona mtu amebeba upinde njiani. Wengine walisema kwamba mshale ulikuwa wa babu zetu kabla haujawa wa wauaji, na tukiuacha, wauaji watabaki nao peke yao. Kila upande ulikuwa na watu waliopoteza ndugu. Hatukupiga kura, mambo mengine ukiyapigia kura unawaumiza walioshindwa mara ya pili.

Sheria ilitusaidia kupoa. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 iko wazi: mnyama wa pori ni wa serikali, na kuwinda bila kibali ni kosa. Hata huyu nguruwe anayehesabiwa kuwa mharibifu wa mazao, kazi ya kumshughulikia ni ya wilaya, si ya kijana mwenye upinde. Na Bugoma ni msitu wa hifadhi. Mkimbizi akikamatwa humo na silaha, hata ya mti, maelezo yake yatakuwa marefu kuliko mshale wenyewe. Tunawaomba wadogo zetu hili msilipite haraka.

Tena kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ile iliyoandikwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Ngiri na nguruwe-pori wanaweza kubeba virusi vyake bila kuugua. Wa kufugwa anakufa, na dawa hakuna. Mtu haimdhuru, lakini ukileta nyama ya porini na mifupa ikatupwa bandani, umemaliza nguruwe wa mtaa mzima, na hapa kuna mama ambaye ada ya watoto wake yote iko kwenye nguruwe wawili. (Waislamu na Wasabato wetu walicheka hapo, wakasema wao walikwisha kujikinga zamani.)

Basi tumekubaliana hivi. Kuchonga kunaendelea nyumbani kwa papa, Jumapili baada ya sala, kwa anayetaka. Chuma kimerudishwa kwa fundi, naye amekifanya kisu cha kukwangulia mianzi. Mishale yetu minne ina ncha butu za mti, na inapigwa kwenye gunia la maganda ya maharage nyuma ya nyumba, mahali isipoonekana njiani. Haitoki hapo. Papa ana miaka mingi na kifua chake kibaya. Kila Jumapili tunarekodi sauti yake kwenye simu, majina ya miti kwa Kilese kama anavyoyataja, na tunayaandika kwenye daftari. Dada hajarudi Jumapili ya tatu wala ya nne. Hatumwiti. Anakuja kwenye ulinzi wa usiku kama wote, na ndiye anayepiga debe kwa nguvu kuliko wanaume.

Kuhusu ulinzi wenyewe: vibanda viwili vimesimama pembeni ya mashamba yanayotazama msitu, na mfereji umefika nusu. Kiongozi wa mtaa amepeleka barua wilayani kuhusu nguruwe, tunangoja jibu. Mahindi yana wiki tatu hivi kabla ya kuvunwa, na mwezi unazidi kupungua. Usiku wa giza ndio wanaoupenda. Jumamosi zamu ni ya mstari wa pili na wa tatu, kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri. Mwenye tochi aje na betri zake. Mwenye filimbi pia. Na wale wa Nakivale mlioandika kwamba mlijaribu pilipili kwenye kamba kuzunguka shamba, tuambieni mlichanganya na nini, maana yetu mvua iliiosha siku ya kwanza.